Ushuhuda wangu wa lifti ulikuwa nusu

Leo sina mahubiri. Nina deni kwako, na ni heri nililipe kabla shule hazijafungwa na nauli za Desemba hazijapanda, kwa maana najua wengi wenu mtasimama barabarani kuomba lifti ya kwenda nyumbani.

Kama umekuwa nasi miaka michache, umesikia ushuhuda wangu wa mwaka 2003. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia, nimetumwa Lodwar kwa huduma ya mwezi mmoja, mfukoni sina kitu. Nikasimama Makutano, pale Kapenguria, nikafumba macho nikaomba. Nilipoyafungua, lori la kwanza likasimama na kunipeleka hadi Lodwar bila kudai hata ndururu. Nimeusimulia kwenye makesha, kwenye semina za vijana, hata kwenye harusi moja. Kila mara mnapiga makofi.

Mwezi uliopita kijana wetu mmoja aliitwa mahojiano ya kazi Kitale. Nauli haikutosha. Badala ya kuja kwangu au kwa mzee wa kanisa, alipanda matatu ya hapa Nakuru hadi Salgaa, jua likizama, akasimama kando ya barabara na kuingia gari la kwanza lililosimama. Gari dogo, watu wawili wapole, wakimwita "ndugu". Wakampa soda. Aliamka alfajiri kwenye nyasi karibu na Timboroa, kwenye baridi ile unayoijua, bila simu, bila viatu, bila bahasha ya vyeti vyake. Walikuwa wamemwekea mchele. Nilipofika hospitalini hakulia. Aliniangalia tu akasema, "Pasta, nilifanya vile ulisema."

Sikulala siku hiyo.

Sasa sikia ile nusu ambayo sijawahi kukuambia. Lori la kwanza halikunichukua. Nililikataa. Dereva alikuwa na macho mekundu, shavu limejaa miraa, na alipoinama kunifungulia mlango nilisikia chang'aa. Nikamwambia, "Asante mzee, nangoja mwenzangu." (Mwenzangu hakuwepo. Na huo pia nilishautubu.) Nikangoja masaa mengine matatu. Tena si kweli kwamba sikuwa na kitu. Mamangu alikuwa amenishonea shilingi 300 kwenye pindo la koti. Na lile lori nililopanda, la chakula cha msaada kilichokuwa kikielekea Kakuma, sikulipata kwa kufumba macho. Mama mwenye kibanda cha chai alimjua dereva miaka mingi. Ndiye aliyemwita, wakaongea, kisha akaniambia, "Huyu ni mtu mzima, panda naye."

Hayo yote niliyaacha kwa sababu yalifanya muujiza uonekane mdogo. Mungu hakuniomba nimpunguzie maelezo. Niliyapunguza kwa ajili ya makofi yenu.

Basi nikupe kile ambacho yule kijana alipaswa kupewa.

Usiende kuomba lifti ukiwa huna hata senti. Najua hili linasikika kama mzaha, kwa maana mtu huomba lifti kwa kukosa nauli. Lakini zile shilingi 300 ndizo zilizonipa mdomo wa kumkataa yule dereva mlevi. Nilijua jua likizama nitarudi Kitale kwa matatu na nilale. Asiye na chochote, giza likiingia, atapanda na yeyote. Kwa hiyo weka pembeni nauli ya kurudi ulikotoka, kwenye M-Pesa au kwenye soksi, na usiiguse kwa ajili ya soda wala mahindi ya kuchoma. Ikiwa hata hiyo huna, safari hiyo haijaiva. Nipigie simu.

Ondoka asubuhi. Lifti ya saa mbili asubuhi na lifti ya saa mbili usiku si kitu kimoja, hata kama dereva ni yule yule.

Halafu angalia unaposimama. Unakumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023. Trela lilikosa mwelekeo pale njia panda likawaingilia watu waliokuwa wakiuza na wengine waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Usisimame chini ya mteremko, usisimame kwenye kona, usisimame ukingoni mwa lami ukinyoosha mkono. Nenda mahali ambapo magari yanasimama kwa shughuli zake: kituo cha mafuta, mahali madereva wanakula, karibu na mizani. Pale unapata muda wa kumtazama mtu usoni na kumsikia akiongea, na kuna watu wengine wanaowaona nyote wawili. Mwulize mwenye kibanda. Mama wa chai anajua dereva gani hunywa na yupi hupita hapo kila wiki.

Ukimfikia dereva, salimia kwanza. Kisha mwulize anaenda wapi, kabla hujasema unaenda wapi wewe. Ukianza na "naenda Kitale", kila mwenye nia mbaya naye anaenda Kitale. Mwulize pia kama anataka mchango, na ni kiasi gani, miguu yako ikiwa bado chini. Ugomvi mwingi wa lifti huanza mnapofika. Na ujue kwamba gari la kibinafsi halina leseni ya kubeba abiria kwa nauli. Likipata ajali, bima inaweza kuleta shida kuhusu aliyelipa.

Kabla ya kupanda, piga picha ya namba ya gari umtumie mtu, na umwambie dereva wazi, kwa upole: "Nyumbani wanataka kujua nakuja na nani." Mtu mwema atacheka. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Ndani, shikilia begi mapajani, usiliweke buti. Jaribu kitasa cha mlango kama kinafungua kwa ndani. Usile wala kunywa chochote usichokuja nacho, hata pipi, hata kama anayekupa anaimba pambio unalolijua. Na usilale. Dereva wa lori mara nyingi humbeba mtu ili apate wa kuongea naye asisinzie. Ukikoroma umemnyima nauli yake. Ukiona anateremka mlima ameweka gia huru ili aokoe mafuta, mwambie akushushe kwenye senta inayofuata, hata kama ulikuwa bado na kilomita 100. Juu ya mzigo usipande kabisa. Tanki la mafuta usiliombe. Madereva wengi wamekatazwa na wenye magari kubeba mtu, na akifutwa kazi ni watoto wake watalala njaa. Akikukatalia, mbariki aende.

Dada zangu, sitawazungusha: msiende peke yenu. Wawili ni bora. Kaa upande wa mlango, usikae katikati ya wanaume wawili. Moyo wako ukikataa, usitafute sababu ya kumpa mtu. Sema umeghairi, urudi nyuma. Afadhali uonekane huna adabu.

Na wewe mwenye gari, usidhani waraka huu haukuhusu. Nilipokuwa nikiyatafakari haya nilirudi Matendo sura ya 8. Wengi tunakumbuka ubatizo wa yule Mwethiopia, tunasahau kwamba ile ilikuwa lifti. Filipo alikimbia kando ya gari lake, akasikia anachosoma, akamwuliza swali, wakaongea. Kupanda kulikuja baadaye, na ni mwenye gari aliyemkaribisha. Mimi mwenyewe nimewapita watu mvuani nikiwa na viti vinne vitupu, nikijiambia siwajui. Pengine nilifanya sawa, siwezi kuapa. Lakini wale wa kanisa letu ninawajua, na hata hao nimewapita.

Kwa hiyo Jumapili hii kutakuwa na daftari mlangoni. Mwenye gari anayesafiri Desemba aandike siku, njia na nafasi alizonazo: Eldoret, Kitale, Kakamega, Kisii, popote. Asiye na nauli aandike jina lake na anakokwenda. Mama mchungaji atawaunganisha, na mchango wa mafuta utajulikana mapema. Hakuna atakayeulizwa kwa nini hana nauli.

Daftari litashikwa na yule kijana. Ameomba mwenyewe. Vyeti vyake tunaendelea kuvifuatilia, na aliyemwita mahojiano amekubali kumwona tena Januari. Jumatatu hiyo nitampeleka Kitale kwa gari langu. Nafasi tatu zimebaki, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi.