Mbwa Wawili na Neno Moja

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi si msasi, wala ukali sina. Nilizaliwa kisiwani, katika nyumba ambamo mbwa alifukuzwa kwa jiwe kabla hajaifikia baraza. Lakini riziki ya ualimu ilinipeleka Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na mgomba hustawi hata nyuma ya choo. Huko nikapata nusu ekari ya mahindi kando ya njia iendayo msituni, na huko nikajua kwamba mahindi ya mtu asiye na mbwa ni mahindi ya nguruwe na nyani.

Dini haikunizuia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hutufunza kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Na hao hao humruhusu mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Hata Unguja wasasi huingia maweni na mbwa wao kuwasaka nguruwe waharibifu, na nyama yake hawaigusi. Kwa hiyo swali halikuwa nifuge au nisifuge, bali nifuge yupi.

Niliwekewa wawili, wote watoto wa miezi miwili, wote wa damu ya kuwinda. Wa kwanza alikuwa wa jamii ambayo Wazungu huiita Ridgeback: mwekundu kama ngano iliyoiva, na katikati ya mgongo wake mstari wa nywele zilizolala kinyume na nyingine. Baba zake walifugwa kusini mwa Afrika kuzingira simba hadi mwenye bunduki afike. Akikua dume hukaribia kilo 36. Wa pili alizaliwa nyuma ya jiko la jirani yangu, mzee wa Kinyakyusa: mwembamba, masikio wima, mkia umejikunja, macho hayatulii. Mama yake alijulikana njia nzima kwa mbio zake. Baba yake alijulikana na mama yake tu.

“Huyu mdogo ni mbwa mshenzi,” nilisema, nikidhani nimetaja aina tu, kama mtu atajavyo kuku wa kienyeji.

Mzee alitabasamu bila kunitazama. “Mwalimu, neno hilo mlikuja nalo ninyi watu wa pwani. Na mbwa hakuwa wa kwanza kuitwa hivyo.”

Sikulala vizuri usiku ule. Sisi tunaojisifu kwa lugha, tunaopima mizani na vina, ni mara ngapi tumelipima neno lile? Katika karne ya 19 lilipanda bara na misafara, likamwangukia kila asiyevaa kama sisi na asiyesali kama sisi. Lilivuka Ziwa Tanganyika, likaingia Kongo, likapata kiambishi cha kwao. Waingereza walipochukua mbwa wadogo wa misitu ya Kongo, wakawaonyesha London mwaka 1937, waliwapeleka na jina hilo: Basenji. Leo watu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kumpata mbwa ambaye jina lake ni tusi letu.

Na yule mwekundu je? Mstari wa mgongo wake, ndio fahari yake yote, aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi, watu ambao nao walidharauliwa na wageni wao. Wazungu waliokutana Bulawayo mwaka 1922 waliandika sifa za jamii ile. Mgongo wenyewe ulikuwepo zamani. Basi nikaona kwamba mbele yangu hapakuwa na mbwa muungwana na mbwa mshenzi. Palikuwa na mbwa wawili wenye nasaba, mmoja nasaba yake imeandikwa.

Asubuhi nilimrudia mzee na swali jipya: yupi ana mbio zaidi? Akanijibu, “Usiulize anakimbia kiasi gani. Uliza atakimbilia wapi.”

Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, limefunikwa na ukungu. Katika misitu ya Mlima Rungwe anaishi kipunji, kima wa rangi ya kahawia mwenye kishungi cha nywele kichwani. Wenyeji walikuwa na jina lake, lakini wageni wengi walilichukulia kuwa hadithi, mpaka watafiti walipomwona mwaka 2003. Alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta 1,117 tu, wa Rungwe, Kitulo na Ndundulu kwa pamoja. Naye hushuka kula mahindi. Msitu huo huo una minde, paa mkubwa asiyepatikana nje ya Tanzania. Mbwa wa kuwinda hasomi kibao cha hifadhi.

Nilimchagua mdogo. Ridgeback mkubwa akishika harufu, mke wangu asingeweza kumzuia kwa kamba, wala mshahara wangu usingetosha sufuria yake. Lakini nisijidai kwamba nilichagua wepesi. Mbwa wa aina ile akikosa kazi hujitafutia: alichimba viazi, akatafuna kandambili, akawafukuza kuku wa jirani. Ikanilazimu kuamka kabla ya alfajiri na kumzungusha shamba kwa kamba, na jioni kukimbia naye kando ya mashamba ya chai, watoto wakicheka: “Mwalimu anafugwa!” Kila mwaka humpeleka kuchanjwa kichaa, maradhi ambayo dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Siku moja alikata kamba. Alirudi adhuhuri, ulimi nje, mdomo umelowa. Nilimshika taya, nikatafuta damu katikati ya meno, moyo ukinidunda kama wa mshitakiwa. Palikuwa na tope tu. Tangu siku hiyo kamba yake ni nene zaidi, na usingizi wangu ni mwepesi zaidi.

Mwaka uliofuata mama alikuja kutoka kisiwani. Aliketi mbali, kanga ameikusanya magotini, akimtazama mbwa aliyelala kwenye lango la shamba. Mahindi nyuma yake yalikuwa yamesimama yote.

“Mbwa gani huyu, mwanangu?”

Neno la zamani lilikuja lenyewe hadi kwenye ulimi. Nililimeza.

“Ni mbwa wa Rungwe, mama.”