Kutoka Kitengela hadi Kajiado: Fungu la Mji na Fungu la Mzee



Ni nadra siku hizi kuikuta familia ya Pwani isiyokuwa na mtoto, ndugu au mkwe Kitengela. Wengine wamefuata kazi katika viwanda vya Athi River, wengine wamefuata nyumba ambazo kodi yake ni nafuu kuliko ya Nairobi. Kwa ajili ya kuwazuru jamaa hao tulifunga safari, kisha tukaendelea mpaka Kajiado, makao makuu ya kaunti. Tumeona ni vyema tuwaeleze tuliyoyaona, kwani yanawahusu walioko huko na yanatuhusu sisi tuliobaki.

Anayetoka Mombasa hupita nyika ndefu hadi Athi River, kisha huiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto, njia ya Namanga. Muda mfupi baadaye huwa ameingia Kitengela. Zamani ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamasai, na nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi waliitumia kama ua wao wa nyuma. Leo imekatwa viwanja, na viwanja vimeota maghorofa. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta hapa watu takriban 58,000. Sensa ya 2019 iliwakuta 154,436. Mji uliongezeka karibu mara 3 katika miaka 10.

Wingi huo huonekana barabarani. Maduka, mabasi, bodaboda na akina mama wauza mboga wote wamejipanga ukingoni mwa njia ya magari makubwa yaendayo mpaka wa Tanzania. Ukiuliza kitovu cha mji kiko wapi, utaoneshwa barabara hiyo hiyo. Maji aghalabu hununuliwa kwa mitungi au kwa malori. Ukiingia mitaa ya ndani, lami hukuaga upesi. Kiangazi ni vumbi, na masika ni tope linalowafanya watoto wa madrasa wavue viatu.

Basi tukajiuliza, mji huhudumiwaje, na kwa fedha ya nani? Katiba ya 2010 iliamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ikazikabidhi pia kazi zake, zikiwemo masoko, taa za barabarani, usafi, barabara ndogo na shule za chekechea. Juu ya fungu hilo kuna fedha nyingine iliyokusudiwa miji hasa, ile ya Mpango wa Kusaidia Miji Kenya, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2017. Kazi yake ni mifereji, vituo vya magari, masoko, njia za waendao kwa miguu na taa. Yaani mambo yale yale ambayo mama wa Kitengela huyalilia kila siku.

Lakini fedha hiyo haiendi kwa mji kwa sababu tu una shida. Huwekewa masharti. Mji uwe na hati ya manispaa, uwe na bodi, uwe na meneja, uwe na mpango ulioandikwa, na uwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, iliweka kipimo cha manispaa kuwa watu 50,000. Kitengela imekivuka kipimo hicho mara 3. Hata hivyo idadi hufungua mlango tu. Kinachouingiza mji ndani ni hati, bodi na mpango.

Tuliliona jambo hilo kwa uwazi zaidi tulipofika Kajiado. Safari hupita Isinya, nyumba huanza kuachana, na mbingu ya Umasaini ikarudi kuwa pana. Kajiado ni mji mtulivu, wenye reli ya zamani iendayo Magadi na ofisi za serikali zilizokaribiana. Sensa ya 2019 iliwahesabu humo watu 24,678, ambao hawafiki hata nusu ya kipimo tulichokitaja. Ila sheria imeyapa makao makuu ya kaunti ruhusa ya kuwa manispaa hata kama idadi haijatimia. Hatusemi kwamba Kajiado imependelewa. Mwenye ng'ombe anayetoka mbali kufuata cheti au hospitali anastahiki mji wenye taa na soko safi. Tunalosema ni kwamba mbele ya daftari la serikali, mji mdogo uliokwisha kuandikwa unaweza kuutangulia mji mkubwa ambao bado haujajipanga.

Na hali ya mji ndiyo hali ya mtu. Kitengela tulikaribishwa katika nyumba moja, tukamkuta bibi wa Kipwani aliyeyapita makamo ya miaka 70. Magoti yamemlemea, na macho yake moja limeshakufa. Mjukuu wake wa kike hushona nguo kiwandani, na kila akitoka alfajiri humwachia jirani ufunguo. Siku jirani asipokuwepo, mjukuu haendi kazini, na siku hiyo hana ujira. Tulimwuliza bibi kama hupokea ile fedha ya wazee. Akasema, "Wanangu, walipoandikisha kule nyumbani mimi nilikuwa nimekwisha kuletwa huku. Na huku hakuna anijuaye."

Fedha aliyoitaja ni ya mpango wa Inua Jamii. Mpango huo ulianza na yatima na watoto walio katika dhiki mwaka 2004, ukawafikia baadaye wenye ulemavu mkubwa, na mwaka 2018 ukafunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kila aliyeandikishwa huwekewa shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi hucheleweshwa na kulipwa kwa mkupuo. Wanaopokea nchini ni zaidi ya watu milioni moja. Shilingi 2,000 hazimwajiri mtu wa kumtunza bibi, lakini zamnunulia dawa na maji, na zampa kitu cha kumshika jirani mkono. Kwa mjukuu yule, hiyo ni tofauti ya siku kadhaa za kazi.

Huenda msomaji akasema, "Mzee ni wa watoto wake; sisi Waislamu hatuwatupi wazazi wetu." Ni kweli, na Mwenyezi Mungu atudumishe katika hilo. Lakini wema kwa wazazi hauiondoi haki yao katika mali ya umma. Kifungu cha 57 cha Katiba kimeitaja familia na dola pamoja katika kumtunza mzee. Nasi tuna mfano wa kale kuliko huo. Kadhi Abu Yusuf amesimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alimpita mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni mwa watu. Alipojua kwamba uzee na haja ndivyo vilivyomfikisha hapo, alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mwenye kulinda Baytul Mal amwangalie mzee huyo na walio mfano wake. Tazameni mpango wa jambo: kwanza mkono wa jirani, kisha hazina ya umma, na tena kwa wote wenye hali hiyo. Na Umar huyo huyo ndiye aliyeweka diwani, daftari la majina ya wanaostahiki kupewa.

Sisi wa Pwani twaijua thamani ya daftari. Ndugu zetu Wapemba wamekaa Kilifi na Kwale miongo mingi, wakivua na kuoa na kuzika, bila kitambulisho. Mpaka walipotambuliwa na serikali mwaka 2023, mzee wao angeweza kufika miaka 90 asihesabiwe kuwa mzee wa nchi hii.

Basi nasaha yetu kwa akina mama ni hizi. Kila familia iliyomhamisha mzee kutoka Lamu, Malindi au Mombasa kumpeleka Kitengela, impeleke kwa chifu wa huko ajulikane, na vyeti vyake vihifadhiwe. Uandikishaji hufanywa kwa vipindi, na asiyejulikana hupitwa. Vikundi vyenu vya darsa na vya kuweka akiba visajiliwe. Sheria ya miji imevipa vyama vilivyosajiliwa vya wachuuzi na vya majirani nafasi ya kupendekeza wajumbe wa bodi ya manispaa. Kikundi kisicho na cheti hakina mlango wa kuingilia. Na mjue majira ya bajeti kama mjuavyo majira ya kusi na kaskazi. Kaunti hutakiwa kutoa mpango wake wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo huitwa mikutano ya kusikiliza wananchi. Aghalabu wanaohudhuria ni wanaume wachache wenye nafasi. Mama anayevuka mfereji kila siku na mtoto mgongoni ndiye ajuaye pa kuweka daraja. Naaende aseme.

Tulimwacha bibi yule na miadi kwamba mjukuu atampeleka kwa chifu siku ya mapumziko yake, na imamu wa msikiti wa jirani aliahidi kuwasindikiza. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi, awatunze wazee wetu popote walipo, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimamia haki za wanyonge. Amin.