Walimu Wote Mnakumbushwa

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, wenzangu wanapoanza kutafuta funguo za magari, mimi ndiyo kwanza nafungua faili la matangazo. Nafanya kazi ya ofisi katika shule ya sekondari mjini Reading, Uingereza, na jukumu langu mojawapo ni kuandaa taarifa ya wiki kwa watumishi. Ni kurasa mbili, zikizidi tatu, na lazima ziingie kwenye barua pepe za watu kabla jua halijazama. Desemba, jua hilo huzama saa kumi.

Humo kuna nani atasimama getini asubuhi na nani atalinda uwanja wakati wa mapumziko. Kuna vyumba vilivyochukuliwa kwa mitihani ya majaribio ya mwaka wa kumi na moja, ambao ndio kidato chao cha nne. Alama ziingizwe kwenye mfumo kabla ya Alhamisi. Ambaye bado hajasoma mwongozo wa serikali wa usalama wa watoto, unaotoka upya kila Septemba, ausome na athibitishe. Mwisho kabisa: aliyechukua kikombe chenye picha ya mbwa akirudishe jikoni. Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii, tangazo la kikombe ndilo pekee lililowahi kujibiwa.

Julai iliyopita nilikwenda nyumbani, Kibirizi. Kwa asiyepajua, ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, kaskazini kidogo ya mjini, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Boti za abiria huondoka hapo kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga, mpaka jirani na Burundi. Hapo pia ndipo mwalo ulipo, na dagaa wakishaanikwa, harufu yao hupanda mlima bila kuomba ruhusa na kuingia hadi ofisi ya walimu katika shule ya kata anakofundisha dada yangu. Shule yenyewe ni ya kizazi kile cha MMES, mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004, wananchi walipochangishwa mawe na nguvu hadi madarasa yakasimama. Wiki hiyo dada alikuwa mwalimu wa zamu. Nikamfuata, kwa udadisi tu wa mtu anayetaka kuona wenzake wa kazi wanavyofanya.

Saa moja na nusu mkuu wa shule alipiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Ukisaini chini yake umechelewa, hata kama ni kwa dakika mbili na pikipiki yako ndiyo iliyokufa njiani. Kisha, kabla ya kengele ya mstarini, walimu wakakusanyika ofisini, wengine wakiwa wamesimama na chaki mkononi. Dada akafungua kauntabuku lenye gamba gumu, akaanza: "Ndugu walimu, tunakumbushana." Maandalio ya somo yafike kwa mwalimu wa taaluma leo. Walimu wa madarasa wamalize orodha ya michango ya chakula.

"Madamu," akadakia mwalimu mmoja wa hesabu, "karatasi za kuchapia mtihani wa kidato cha pili hazipo. Hilo nalo liandike."

Akaliandika palepale. Mimi nimeshatuma mamia ya matangazo pale Reading na sijui kama kuna aliyewahi kukosa karatasi.

Mchana aliniachia kauntabuku hilo nilisome, nami nikalisoma kama riwaya. Kitabu cha zamu hakisemi kitakachotokea, kinasema kilichotokea. Kila siku ina ukurasa wake: wanafunzi waliokuwepo na wasiokuwepo kwa kila kidato, vipindi visivyofundishwa na sababu zake, usafi, chakula, wageni waliofika, aliyeugua na aliyempeleka zahanati. Ijumaa mwalimu wa zamu hufunga wiki kwa maoni, mkuu huandika yake chini kwa wino mwingine, na Jumatatu anayepokea zamu huanza kwa kusoma aliyoachiwa na mwenzake. Kama bomba lilikuwa bovu wiki iliyopita, lazima aseme limetengenezwa au bado. Halipotei hivihivi.

Jambo lingine lilinichekesha. Bango la shule linawataka wanafunzi wazungumze Kiingereza kila wakati, lakini kitabu kizima cha zamu ni Kiswahili fasaha, tena kitamu. Na mimi, mtoto wa Kibirizi, ndiye ninayekaa Reading kuwakumbusha Waingereza kwa Kiingereza chao.

Kwenye ukurasa mmoja nilikuta: "Kidato cha pili na cha tatu, wavulana wengi hawapo. Sababu: giza." Nikamuuliza dada kama umeme ulikatika. Akanitazama kwa muda.

"Mdogo wangu, umesahau kwenu?"

Nilikuwa nimesahau, kweli. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola na betri. Dagaa hufuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina maana tena, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mwezi na kuingia ziwani siku za giza. Giza likifika, kijana wa miaka kumi na sita anaweza kupata kwa usiku mmoja pesa ambayo mama yake haioni kwa wiki. Alfajiri wasichana nao huitwa kuanika. Mwalimu anayekaa Kibirizi miaka miwili huanza kutazama angani kabla ya kutazama rejista. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, serikali iliposimamisha uvuvi ziwani ili samaki wazaliane, dada anasema shida ilihamia upande wa pili wa daftari, kwenye orodha ya michango: mzazi ameomba asubiriwe, mzazi ameomba asubiriwe.

Michango hiyo ndiyo iliyonifanya nikumbuke tofauti nyingine. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu Januari 2016, lakini chakula cha mchana huchangiwa na wazazi kwa makubaliano, na anayefuatilia jina kwa jina ni mwalimu wa darasa. Uingereza, serikali, waajiri na vyama vingi vya walimu walitia saini makubaliano mwaka 2003 kwamba mwalimu asipewe kazi za kikarani kama kukusanya pesa za wanafunzi au kutoa nakala kwa wingi. Kazi hizo wakapewa watu kama mimi. Nilipomweleza dada, hakusema kitu, alihesabu tu noti zilizokuwa kwenye bahasha mara ya pili.

Msije mkadhani nimerudi na wimbo wa kusifu kauntabuku. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, dada akiwa katikati ya kipindi, simu yake ilianza kutetemeka mezani ofisini na haikunyamaza. Kundi la WhatsApp la walimu: takwimu fulani za wanafunzi zinatakiwa juu, kwa jinsia na umri, kabla ya saa nane mchana wa leo. Saa ilikuwa nne na nusu. Chini yake, ujumbe mwingine ukiwakumbusha ambao hawajajaza utendaji wao wa wiki kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya zile fomu za tathmini za OPRAS, kwamba wanajulikana kwa majina. Walimu watatu wakaacha madarasa wakaanza kuhesabu.

"Kwa nini hawakusema wiki iliyopita?" nikauliza.

"Wiki iliyopita na wao walikuwa hawajaambiwa."

Hapo ndipo nilipoitamani Reading. Mwalimu wa shule ya serikali Uingereza kwa kawaida ana saa 1,265 kwa mwaka, zilizotawanywa katika siku 195, ambazo mkuu anaweza kumpangia la kufanya. Mkuu anatakiwa kuonyesha mapema saa hizo zitatumikaje, kwa hiyo kalenda ya vikao hutoka kabla ya Septemba. Ukizua kikao cha ghafla Alhamisi, mwakilishi wa chama cha walimu atakuuliza kwa upole sana kinatoka kwenye saa zipi. Saa hizo hazihesabu muda wa kuandaa masomo na kusahihisha, na walimu wao wanalalamika kama wetu, lakini kushtukizwa ni nadra.

Wanachokosa ni kumbukumbu. Kuna muhula nilitangaza zoezi la tahadhari ya moto wiki tatu mfululizo. Wiki ya kwanza lilisogezwa, ya pili mvua, ya tatu sijui. Nilinakili tu tangazo na kubadilisha tarehe, na hakuna aliyeuliza yale mawili ya mwanzo yaliishia wapi, kwa sababu taarifa yangu haina mahali pa kusema jambo halikufanyika. Ijumaa ikifika ukurasa unafutwa, tunaanza upya. Kibirizi wangelikuta limeandikwa, na mtu wa zamu angesimama mbele ya wenzake kulisema.

Nilimwambia dada hayo yote usiku, tukila ugali na migebuka. Akasema basi nimsaidie kwa ninachokijua, maneno yatosha. Kabla sijasafiri nikamtengenezea kalenda ya muhula kwenye ukurasa mmoja: vikao, mitihani ya kila mwezi, tarehe za kukusanya maandalio, nani zamu wiki gani, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Niliipaka rangi, nikaichapisha mjini, akaibandika ofisini juu ya barua zilizokwisha kupauka.

Septemba akanitumia picha yake. Vikao viwili vilikuwa vimekatwa kwa kalamu, pembeni imeandikwa "wageni". Mtihani wa mwezi ulikuwa umevutwa mbele kwa mshale, wiki nzima. Na kando ya karatasi, kwa mwandiko wa dada, kulikuwa na safu ambayo mimi sikuiweka, kutoka juu hadi chini: giza, mwezi, giza, mwezi. Mshale wa mtihani ulitoka kwenye giza ukaishia kwenye mwezi.

Ameniomba ya mwaka ujao niitume mapema, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nimeianza jana, baada ya kutuma taarifa ya Ijumaa, nikiwa na kalenda ya mwezi upande mmoja wa kioo cha kompyuta.