Karani wa Fomu za Tovuti

Nilizaliwa Tanga, katika mtaa wa Ngamiani, nikasomea ukarani, na ajira yangu ya kwanza ilikuwa katika masjala ya chuo kimoja cha Dar es Salaam, ambako barua zote za watu waliotaka kusoma, kuuliza, kushukuru au kulalamika zilipita mikononi mwetu kabla ya kumfikia mkubwa yeyote. Mkuu wa masjala ile alitufundisha kanuni moja ambayo hakumlegezea mtu: barua ikifika, kwanza ipigwe mhuri wa tarehe, iandikwe katika daftari la barua zinazoingia, ipewe namba na kuwekwa katika jalada lake, baada ya hayo ndipo tarishi aichukue na kuipeleka kwa anayehusika. Mtu akija dirishani kuuliza habari ya barua yake, tulifungua daftari na kumwonyesha siku iliyoingia na mahali ilipo. Hata kama mkubwa aliipoteza juu ya meza yake, sisi tulijua kwamba ilifika, na mwenyewe hakuweza kuambiwa kuwa hakuandika. Kanuni hiyo niliikuta imeachwa siku tulipohama kutoka katika karatasi kwenda katika tovuti, na sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi imekwisha katika jitihada ya kuirudisha.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy; intaneti, ambayo kabla ya hapo ilitegemea setilaiti na kuuzwa kwa bei ya kutisha, ikaanza kuwafikia watu wa kawaida katika vibanda vya intaneti na kisha katika simu zao. Chuo kikaona vema kiwe na fomu ya maombi katika tovuti yake, ili mzazi wa Kigoma au wa Newala asilazimike kupanda basi kuja kununua karatasi dirishani kwetu. Lilikuwa jambo la insafu, nami nililipokea kwa furaha. Maarifa yenyewe hayakuwa mageni duniani, kwa sababu fomu zilikwisha kuwamo katika kanuni za HTML 2.0 zilizotolewa Novemba 1995, na tangu hapo asili ya utaratibu wake haijabadilika. Mwombaji hujaza visanduku na kubonyeza kitufe. Kivinjari chake hukusanya aliyoyaandika, kila jibu likiwa limefungamana na jina la kisanduku chake, kikayapeleka kwa seva. Yakisha kufika huko, yatakayotendeka yamo katika hiari ya aliyeandika programu ya upande wa ndani. Anaweza kuyaweka katika hifadhidata, anaweza kuyageuza kuwa barua pepe, anaweza hata kuyatupa, na katika hali zote tatu anaweza kumwonyesha mwombaji maneno yale yale ya shukrani.

Fomu yetu ya kwanza iliandikwa kwa PHP na kijana wa mkataba, naye alichagua njia ya pili peke yake. Kila ombi liligeuzwa kuwa barua pepe, likatumwa katika sanduku moja la ofisi ya udahili, na hapakuwa na nakala mahali pengine popote. Likizo moja ya mwisho wa mwaka sanduku lile lilijaa, kwa sababu waombaji walikuwa wakiambatisha picha za vyeti, na barua zilizofuata zikarudishwa zilikotoka, yaani kwa seva yenyewe, ambayo haikuwa na mtu wa kuzisoma. Muda wote huo ukurasa wa shukrani uliendelea kuwaambia watu: "Ahsante. Tumepokea maombi yako."

Ofisi ilipofunguliwa alikuja mzee mmoja kutoka Mpwapwa, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kwa habari ya mjukuu wangu. Hatukupata jibu, na wenzake wameitwa."

Nilimwomba jina, nikatafuta katika sanduku la barua, nikatafuta katika orodha ya udahili, nisilione. Mzee akaikunjua karatasi yake. Ilikuwa ni ule ukurasa wa shukrani, aliouchapisha katika kibanda cha intaneti akaulipia, kwa kuwa katika maisha yake yote alikuwa amejifunza kwamba anayewasilisha kitu serikalini au shuleni sharti arudi na stakabadhi. "Mmeandika wenyewe hapa kwamba mmepokea," akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi. Sikuwa na daftari la kumfungulia. Mjukuu wake alipewa nafasi ya kuomba upya, lakini kozi aliyoitaka ilikuwa imekwisha kujaa, na wengine waliokumbwa na mkasa ule hatukuweza hata kuwajua ili tuwaombe radhi, maana hapakubaki jina lao wala namba ya simu.

Tangu siku ile niliacha kuiona fomu ya tovuti kuwa ni mapambo ya ukurasa, nikaiona kuwa ni amana. Niliomba nifundishwe upande wa ndani wa tovuti, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyeitaka kazi ile nikakubaliwa. Baada ya muda chuo kilihamia katika WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, na mafundi wakaweka programu-jalizi iitwayo Contact Form 7, kazi ya Mjapani Takayuki Miyoshi, ambayo hutumika katika mamilioni ya tovuti. Ni kazi njema na nyepesi, lakini kwa tabia yake hutuma barua tu, haihifadhi. Mwenyewe amelieleza hilo bayana, na akatengeneza programu ya pili, Flamingo, ya kuweka kila wasilisho katika hifadhidata. Mafundi hawakuona haja nayo. Mimi niliing'ang'ania, nikaandika dokezo kwa mkuu wa chuo nikieleza habari ya mzee wa Mpwapwa, na kwa auni yake ikawekwa. Ndipo nikapata tena daftari langu: kila ombi na siku yake na saa yake, liwe limesomwa au halijasomwa.

Faida yake ilidhihirika upesi kuliko nilivyotazamia. Fomu nyingi za wakati ule, na yetu mojawapo, zilikuwa na desturi ya kutuma barua kwa jina la mwombaji mwenyewe, kana kwamba ni yeye aliyeiandika kutoka katika anwani yake, ili mpokeaji aweze kumjibu kwa urahisi. Kumbe aliyeiandika ni seva yetu. Mwezi wa Aprili 2014 Yahoo, ikijikinga na waghushi, ilizitangazia seva za barua za dunia nzima kwa njia ya utaratibu uitwao DMARC kwamba barua yoyote inayobeba anwani ya yahoo.com, ilhali haikutoka katika seva zake, ikataliwe. Haki ilikuwa upande wao, maana barua zetu kwa hakika zilikuwa zikivaa jina la mtu mwingine. Lakini katika nchi yetu watu wengi walikuwa na anwani za Yahoo, na ofisi ya udahili ikaanza kusema kwamba mwaka huu waombaji wamepungua, labda ada imewashinda. Nililinganisha orodha ya barua zilizofika na orodha iliyomo katika hifadhidata, mstari kwa mstari, nikaona kwamba waliokosekana walikuwa na kitu kimoja kinachowaunganisha: mwisho wa anwani zao. Tukabadili fomu ili barua itoke kwa jina la chuo, na anwani ya mwombaji iwekwe mahali pa kujibiwa. Na wale waliokuwa wamepotea njiani tukawasoma wote kutoka katika daftari, hakuna aliyedhulumika. Lau tungekuwa na ile fomu ya kwanza, tungeliendelea kuilaumu ada.

Nimesema habari za kuhifadhi. Lakini kuhifadhi kitu kilichoharibika ni nusu ya kazi, na majina ya watu wetu yaliharibiwa kwa namna nyingi. PHP ya zamani ilikuwa na desturi ya kutia mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa, kwa hadhari ya wadukuzi wanaopenyeza amri katika hifadhidata, desturi ambayo iliondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012. Huko Ulaya huenda jambo hilo lilimgusa mtu mmoja mmoja, seuze kwetu, ambako ng' imo katika majina ya ukoo mzima! Mang'ula aliingia akiwa na mkwaju mmoja tumboni, karani akilifungua ombi lake na kulihifadhi upya, mikwaju inakuwa mitatu, akirudia, saba. Mafundi wengine waliona dawa ni kuikataa ritifaa, wakamwambia mtu kwa maandishi mekundu kwamba jina lake si sahihi. Sijawahi kuona utovu wa adabu uliozidi huo katika kazi yangu. Dawa ya kweli inajulikana siku nyingi: amri ya hifadhidata ipelekwe mbali na maneno ya mwombaji, ili maneno yake, yawe na alama yoyote, yabaki kuwa maneno tu. Kadhalika fomu zilizoletwa zikiwa tayari kutoka nchi nyingine zilidai jina la kwanza na jina la ukoo, ilhali kijana wa kwetu hujulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Nami niliomba kiwekwe kisanduku kimoja kipana cha jina kamili kama lilivyo katika cheti.

Hatari nyingine ilikuwa wakati wa kutoa orodha na kuifungua katika Excel. Namba ya simu iliyoanza na sifuri ilipoteza sifuri yake, na hilo lilivumilika. Lakini namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina tarakimu 20, haikustahimili kabisa, kwa sababu Excel ikidhani kitu ni hesabu hushika tarakimu 15 tu, na tano za mwisho huzigeuza kuwa sifuri. Ukihifadhi faili lile juu ya lile la awali, watu mia huwa wamenyang'anywa vitambulisho vyao kimyakimya. Kwa hiyo nilifundisha kila karani aliyekuja chini yangu kwamba safu hizo zisomwe kama maandishi, na kwamba hifadhidata ndiyo asili, faili ni nakala, na nakala haisahihishi asili.

Kuhusu takataka za matangazo zinazoletwa na mashine sina mengi ya kusema. Wengine hutumia mafumbo ya picha. Mimi niliona mzigo huo usimwelemee mwombaji mwenye simu ndogo na salio la kuhesabu, nikapendelea mtego wa kisanduku kilichofichwa, ambacho binadamu hakioni na mashine hukijaza. Takataka nyingi zilinaswa humo. Na wale waliobonyeza kitufe mara nne kwa sababu mtandao ulikuwa mzito, maombi yao tuliyaunganisha bila kuwalaumu.

Lililonisumbua zaidi katika miaka ya mwisho ni wingi wa yale tuliyokuwa tumeyaweka. Hifadhidata haijai vumbi wala hailiwi na mchwa, na kwa sababu hiyo hakuna anayekumbuka kuisafisha. Mlikuwamo majina, simu, vyeti na namba za vitambulisho vya watu waliokataliwa zamani, na namba ya kitambulisho huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja alikuja kuomba orodha ya simu za waombaji ili awatangazie bidhaa zake, akaahidi malipo. Nikamwambia kwamba watu hawa walikiandikia chuo, hawakumwandikia yeye. Wakati ule nilikuwa na dhamiri yangu tu ya kuegemea. Leo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisikae kupita haja yake. Kabla ya kustaafu niliandika utaratibu wa ofisi: ombi likisha kuamuliwa na muda wa rufaa kupita, viambatisho vifutwe, faili zilizotolewa zisitembezwe katika flashi, na anayeweza kuifungua orodha awe yule tu ambaye kazi yake inamlazimu.

Ewe msomaji uliyekabidhiwa tovuti ya shule, zahanati, msikiti, kanisa au halmashauri, nakuomba leo hii ufungue fomu yako mwenyewe katika simu, usiifungue katika kompyuta ya ofisi. Uijaze kwa jina lenye ritifaa na kwa anwani ya barua isiyo ya ofisi yako. Kisha uingie upande wa ndani ukaitafute. Ukiikuta imehifadhiwa kama ulivyoiandika, na barua yake imefika, wajulishe wenzako kwamba fomu inafanya kazi. Usipoikuta, iondoe fomu hiyo katika ukurasa mpaka itengenezwe, na mahali pake uandike namba ya simu ambayo mtu ataipokea.