Taa ya Njano ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kumlipa fundi kwa kazi ya breki. Enzi za Peugeot 504 yake, pale Tanga, mimi nilikaa kwenye usukani na yeye akalala chini ya gari akiita, "Kanyaga! Shikilia! Haya, achia," mpaka upepo wote utoke. Kisha tulitoka hadi kwenye barabara ya vumbi, akashika breki kwa ghafla, akashuka kuikagua michirizi ya matairi. Ikilingana kushoto na kulia, tulirudi kunawa mikono.

Halafu akanunua Corolla ya mtumba kutoka Japani, yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unaposhika breki. ABS haikuwa kitu kipya duniani, maana Bosch na Mercedes-Benz waliitoa mwaka 1978, lakini kwetu iliingia kimyakimya ndani ya mitumba, na kitabu cha maelezo, kama kilikuwepo, kilikuwa cha Kijapani. Mjomba hakuijali mpaka siku aliposhusha sivijointi, kiungo cha ekseli ya mbele, iliyokuwa ikilia kwenye kona na kufunga mpya. Hata barabara ya lami hajaifikia, taa ya njano ya ABS ikawaka.

Breki zilishika vizuri tu. ABS ikiona hitilafu hujitoa, ikaziacha breki za kawaida zifanye kazi peke yake, ndiyo maana gereji nzima ilimshauri achomoe balbu aendelee na safari zake. Ushauri huo nauchukia mpaka leo. Ukienda kununua mtumba, fungua swichi utazame dashibodi: taa ya ABS inapaswa kuwaka kwanza, kisha izime. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuulizia.

Fundi umeme mmoja wa mtaani alimwonyesha mjomba njia ya waya. Chini ya boneti kuna kijisanduku chenye matundu. Unaunganisha la Tc na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Ilipepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa mara moja: 31, yaani sensa ya gurudumu la mbele kulia. Tukaipima kwa mita, nzima. Tukanyanyua gari kwa jeki, tukalizungusha gurudumu huku mita ikiwa kwenye volti. Hakuna kitu.

Ndipo mjomba alipoiokota sivijointi ya zamani na kuiweka kwenye mwanga. Ilikuwa na pete ya meno 48. Ile mpya ilikuwa laini kama chupa. Sensa ile ni sumaku iliyozungushiwa waya. Kila jino linapopita mbele yake linazalisha umeme kidogo, na kompyuta inajua kasi ya gurudumu kwa kuhesabu meno hayo. Pasipo meno, kwa kompyuta gurudumu limesimama.

Dukani wakambadilishia nyingine, yenye meno safari hii. Mjomba alitia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, akahesabu yote palepale kaunta, akaikataa. Meno pungufu ni hatari kuliko kukosa meno: kompyuta huamini gurudumu hilo linataka kukwama, ikalilegezea breki wakati wewe unataka kusimama.

Iliyo sahihi ilipofungwa, ikabaki kufuta ile 31 kwenye kompyuta, nako ni kupiga pedali ya breki upesiupesi, mara nane au zaidi, waya ukiwa bado mahali pake. Tukaenda kujaribu kwenye vumbi. Pedali ilitetemeka mguuni, gari likasimama limenyooka, mjomba akashuka kutafuta michirizi yake. Ilikuwa imekatikakatika, haisomeki.

Siku hizi mwanawe anachomeka kifaa chini ya usukani na kusoma kasi ya kila gurudumu kwenye simu, ingawa vingi vya bei ya chini huishia kwenye injini, ABS havifiki. Magari mengi mapya hayana hata pete ya meno. Sumaku imo ndani ya sili ya beringi, upande mmoja tu. Beringi ikisukumwa kwa presi kinyume, gurudumu litazunguka safi bila mlio wowote, na taa itawaka. Kwa macho pande hizo zinaweza kukuchanganya, kwa hiyo mjomba husogeza pini ya kushonea: sili inayoivuta ndiyo inayopaswa kuelekea kwenye sensa. Mwenye presi alimcheka mara ya kwanza. Sasa anayo pini yake, ameichomeka kwenye kola ya ovaroli.