Siku 19 za Kimya

Kila mwezi simu yangu ya kazini hujaa visa vyenu, na kuna kisa kimoja ambacho hakikosekani. "Dada mhariri, mume wangu ana wiki mbili haniongeleshi, nifanye nini?" Au: "Mchumba wangu amekula jiwe, meseji anazisoma lakini hajibu." Nami kwa kujiamini kabisa nimekuwa nikijibu vilevile: zungumzeni, mawasiliano ndiyo nguzo ya ndoa. Si nina shahada ya mawasiliano? Nisipojua mimi, ajue nani?

Leo naomba niwasimulie ya kwangu. Yametokea miaka miwili iliyopita na nimeomba ruhusa ya mume wangu kabla ya kuyaandika.

Nilikuwa na ujauzito wa wiki 16, wa kwanza. Wazazi wa pande zote walishajua, na sisi wenyewe tulishaanza kugombania jina. Ilikuwa Jumanne usiku mambo yalipoharibika. Ya hospitalini siyasimulii. Inatosha kusema kwamba nililala huko, na kesho yake saa sita mchana mume wangu alikuja kunichukua. Nilipoingia garini kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake. Vilijaa udongo. Nikajisemea moyoni, mke yuko kitandani hospitali, huyu alikuwa anazurura wapi?

Njia nzima hakusema neno. Aliendesha mikono yote miwili imeshika usukani, macho mbele, kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Tukapita Mwenge, tukapita Lugalo, tukapita Tangi Bovu, mimi nangoja. Lolote tu, hata "pole". Tulipofika nyumbani akazima gari akauliza, "Dawa zako umezichukua?" Nikasema ndiyo. Basi, yakaishia hapo.

Msiba usio na matanga

Siku tatu za mwanzo nyumba ilikuwa na watu. Mama alikuja, wifi yangu alikuja, majirani walipita na uji. Wote walikuwa na sentensi moja: "Pole, Mungu atakupa mwingine." Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena.

Hebu fikiria. Kwetu mtu akifa kuna utaratibu. Turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, wanawake wanapika, watu wanakesha, na wewe mfiwa unaruhusiwa kulia mpaka sauti ikauke. Mimba ikitoka hakuna turubai. Hakuna jina la kumwita na, kwa nilivyojua mimi wakati ule, hakuna kaburi la kwenda kulitembelea. Watu wananyamaza kwa nia njema kabisa, eti wasikukumbushe. Utadhani umesahau!

Na si jambo la nadra. Wataalamu wa afya wanakadiria kwamba kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 mpaka 20 huharibika. Sasa wahesabu kina dada wa ofisini kwako, wa kanisani au msikitini, wa kikoba chenu. Wapo waliopita njia hii na hujawahi kuwasikia.

Wageni walipoondoka tukabaki wawili. Hapo ndipo ngoma ilipoanza. Mume wangu alikuwa anaongea ya lazima tu: Luku imeisha, gesi imeisha, fundi bomba anakuja kesho. Jioni nilisikia gari likiingia, injini inazimwa, halafu haingii ndani. Nusu saa nzima amekaa humo gizani. Nikimtumia meseji, "Mbona huingii?", tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Mimi nikaanza kutafsiri. Wiki mbili kabla ya tukio nilisafiri kikazi kwenda Arusha, na yeye alikuwa ameniambia nisiende, nipumzike. Kwa hiyo, nikaamua, ananilaumu. Ananiona nimemuua mtoto wake kwa ajili ya kazi. Na huko garini anaongea na nani usiku usiku? Lazima kuna mtu. Basi na mimi nikauchuna. Wewe unakula jiwe? Mimi nakula mwamba. Nilipika, nikaweka mezani, nikaenda kulala. Siku ya tano, ya kumi, ya kumi na tano.

Niliyofundishwa darasani

Kichekesho ni kwamba haya mambo niliyasomea. Mwaka 1967 Paul Watzlawick na wenzake wawili walichapisha Marekani kitabu ambacho wanafunzi wa mawasiliano bado wanakikariri. Hoja yao moja ni kwamba binadamu aliye mbele ya mwenzake hawezi kuacha kuwasiliana. Hata ukikaa kimya na kugeukia ukutani, mwenzako amepokea ujumbe. Mtihani wa somo lile niliufaulu vizuri sana.

Jambo ambalo sikulitilia maanani ni kwamba ujumbe wa kimya hauna maneno, kwa hiyo anayeupokea anautilia maneno yake mwenyewe. Na hatuna subira. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali walikuta kwamba kati ya swali na jibu, kwa wastani, hupita kama sehemu ya tano ya sekunde moja tu. Ndiyo maana mtu akichelewa kidogo kukujibu kwenye simu unasema, "Haloo? Upo?" Sasa kama kimya cha sekunde mbili kinatutia wasiwasi, cha siku 19 kinafanya nini kwa mwanamke aliyepoteza mtoto?

Nawaambia kilichofanya. Kilichukua hofu yangu na kuipa sauti ya mume wangu. Nilikuwa namsikia kabisa akisema, "Ni kosa lako." Hakuwa amelisema hata siku moja.

Shangazi kutoka Tanga

Siku ya 19 akaja shangazi yangu kwa basi kutoka Tanga, na kikapu cha machungwa ya Muheza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona nyumba imepoa hivi?"

Nikajifanya sijasikia. Usiku tulikula pamoja watatu, na shangazi ndiye aliyekuwa akiongea peke yake. Mume wangu alipotoka kwenda garini kwake, shangazi akanifuata jikoni.

"Siku ya ndoa yako, baba yako alipoingia chumbani kukuuliza kama umeridhia, ulijibu nini?"

"Sikujibu kitu, shangazi. Niliinamisha kichwa."

"Na sisi tukafanya nini?"

"Mkapiga vigelegele."

Wasomaji Waislamu wanaujua utaratibu huo: mwari akiulizwa, kimya chake huchukuliwa kuwa ndiyo ridhaa yake. Lakini shangazi alikuwa na jambo lake.

"Unajua kwa nini nilipiga vigelegele? Kwa sababu usiku wake nilishakuuliza, tuko wawili, mlango umefungwa. Ungeniambia humtaki, baba yako asingeingia chumbani. Kimya chako nilikielewa kwa kuwa nilikuuliza kwanza. Nimewaona wasichana wengine, mwanangu, wamenyamaza kwa woga, hakuna aliyewauliza, na tukawapigia vigelegele vilevile." Akanyamaza kidogo. "Mumeo umemuuliza?"

"Nimuulize nini, shangazi? Yeye ndiye aliyeninyamazia."

"Na wewe siku zote hizi ulikuwa unaimba?"

Ndani ya gari

Nilivaa kandambili nikatoka. Nilifungua mlango wa abiria nikakaa. Hakuwa anaongea na simu. Ilikuwa imelala kwenye kiti cha nyuma. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, vilevile kama siku ile.

Nikauliza, "Unanilaumu kwa safari ya Arusha?"

Akanigeukia kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Arusha? Arusha imefanya nini?"

Halafu akaanza kuongea. Usiku ule, mimi nikiwa nimelala kwa dawa, walimwita wakamuuliza kama angependa kumchukua mtoto. Akasema ndiyo. Akampigia kaka yake. Alfajiri wakaenda Bunju kwenye makaburi ya ukoo wao, yeye akiendesha, kaka yake amempakata kwenye kiti hiki nilichokaa mimi. Walichimba wenyewe. Ule udongo kwenye viatu ulikuwa wa pale. Wazee wakamwambia mama asiambiwe kwanza, mpaka apate nguvu.

"Kila nikitaka kukwambia kitu," alisema, "kinachokuja mdomoni ni hicho kimoja, na hicho nimekatazwa. Nikaona bora nisiseme chochote."

Msidhani nilimkumbatia. Nilikasirika, tena sana. Mwanangu ana kaburi, na watu wote wa ukoo wanajua isipokuwa mimi? Nilimpigia kelele mle garini mpaka mlinzi wa jirani akachungulia. Yeye akalia. Nami nikalia. Ijumaa yake tukaenda Bunju wote wawili, na shangazi nyuma. Ni kituta kidogo chini ya mwarobaini. Nilikaa pale saa nzima, na hakuna aliyezungumza, na kimya kile hakikuniuma.

Ninachowaambia sasa

Mtafiti mmoja wa Marekani, John Gottman, ametumia miaka mingi kuwaangalia wanandoa wakizozana, huku akiwapima mapigo ya moyo. Aliona kwamba wanaojifunga kama ukuta wakati wa ugomvi wengi wao ni wanaume, na kwamba mara nyingi nyuma ya ukuta huo moyo unakwenda mbio, zaidi ya mapigo 100 kwa dakika. Kwa nje jiwe, kwa ndani dhoruba. Niliposoma hivyo nilikumbuka mikono ile kwenye usukani.

Simaanishi kwamba kila anayenyamaza anastahili kuhurumiwa. Kuna kimya cha kukomoa, mtu anakususia miezi ili upige magoti, na huo ni ukatili hata kama hajakugusa. Kuna kimya cha woga, na mwenye woga anahitaji msaada, hahitaji mahubiri. Ninachosema ni kwamba kwa kukitazama tu, huwezi kujua ni kipi.

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu tumewekeana mambo mawili. La kwanza, anayetaka kunyamaza anaruhusiwa, lakini anaaga. "Leo siwezi kuongea, nipe mpaka Jumamosi." Sentensi moja tu. Ingetosha kuniokoa na siku 19 za kujishtaki. La pili, anayenyamaziwa haruhusiwi kutafsiri kabla ya kuuliza, na anauliza swali moja dogo linalojibika. "Una nini?" ni swali kubwa mno. "Unanilaumu kwa safari ya Arusha?" lilijibika.

Na ukienda kumpa pole aliyeharibikiwa mimba, usikimbilie "Mungu atakupa mwingine". Muulize huyu alikuwa anamwitaje. Baada ya mwezi, mpigie tena.

Sisi mpaka leo hatujapata mwingine. Mume wangu bado si mtu wa maneno mengi, na baadhi ya jioni bado nasikia injini inazimwa na mlango haufunguki. Siku hizi namimina chai vikombe viwili, naenda kukaa naye. Wakati mwingine tunaongea, wakati mwingine hapana.

Nanyi mnaoniandikia, jibu langu nimelibadilisha. Sisemi tena "zungumzeni". Nauliza kama shangazi: umemuuliza?