Kete ya Kumi na Moja

Shela, Malindi
Jumapili, baada ya Asri

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limepoa kidogo, babako yuko baharini tangu juzi, na harusi ya nduguyo imesogezwa hadi baada ya Ramadhani. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Ujumbe wako wa kuomba bao la babu yako niliupata, na nilifurahi, sikufichi. Nililitoa chini ya kitanda siku ile ile, nikalipangusa kwa mafuta ya nazi hadi mbao yake ya mbambakofi ikang'aa, nikatafuta gunia la kulitia ili nikuletee kwa matatu ya asubuhi. Kabla sijalifunga, akapita mtu wetu anayefanya kazi huko Kilifi. Akanywa chai, akauliza hali, kisha akaniambia kwamba kila jioni unacheza bao kule chini kwenye gati la zamani la feri, kwamba mnacheza kwa pesa, na kwamba Alhamisi iliyopita pesa zilipokuishia uliweka simu. Bao nikalirudisha chini ya kitanda.

Huenda ni uongo. Mdomo wa watu haujengewi boma. Ukiniambia si kweli nitakuamini, maana tangu utotoni hukuwahi kunidanganya. Lakini nilipoambiwa ni pale pale kwenye gati, mikono ilinitetemeka, na usiku ule sikulala.

Nianze na bao lenyewe, kwa sababu sitaki uone kuwa shangazi yako analichukia. Nimelijua kabla babako hajajua kuhesabu. Babu yako alikuwa na baraza hapa hapa Shela, na wazee wakija kucheza tangu alasiri hadi adhana ya Magharibi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa. Nilijifunza kwa kusimama na dele mkononi. Usiku mmoja babu yako akanikuta nimechimba mashimo thelathini na mawili mchangani uani, nacheza peke yangu pande zote mbili kwa komwe za ufuoni. Hakusema neno. Kesho yake akaniwekea bao mbele yangu, akapanga kete mbili mbili kila shimo, bao la kujifunza, akaniambia, "Haya, nifunge." Nilipofikia miaka kumi na miwili nilikuwa nikiwafunga kaka zangu wote. Barazani lakini sikuitwa hata siku moja. Nilipeleka kahawa, nikaona makosa, nikarudi jikoni na makosa yao kichwani. Hadi leo, na nywele hizi nyeupe, hakuna mwanamume wa mtaa huu aliyewahi kuniambia, "Kaa, tucheze." Linaniuma bado, na sioni kwa nini lisiniume.

Kwa hiyo nikikwambia unacheza vibaya, sikisii. Uliponijia Mfungo Mosi na ile programu ya simu ukanionyesha ulivyojifunza, niliona kila kitu unakijua ila kusubiri. Kupanga unajua: sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, ishirini na mbili mkononi, na mwenzako vivyo hivyo, zote sitini na nne. Nyumba yako haikabiliani na yake, ndiyo maana zamu ya kwanza hakuna wa kula, mtu hutakata tu, yaani hupanda bila kula. Unajua kuwa ukila kwenye kimbi, yale mashimo mawili ya mwisho kila upande, huna hiari, huanzia kichwa cha upande ule ule, na ukila katikati una hiari ya kushoto au kulia. Unajua kuwa kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Hizo ni sheria, na sheria mtoto mwerevu huzishika kwa wiki moja.

Ulisema siku ile kwamba bao ni kama sataranji. Nilikaa nikalifikiria. Sataranji ukimla mtu wa mwenzako unamweka pembeni, kazi yake imekwisha. Dama hali kadhalika. Bao hakuna kinachotoka. Kete ulizomla mwenzako unazipanda kwako mwenyewe, na zamu ijayo ndizo hizo hizo anazozila yeye. Sitini na nne zinaanza, sitini na nne zinamaliza. Ndiyo maana kushiba si kushinda. Mtu aweza kuwa na kete arobaini upande wake na akafungwa, kwa kuwa zimelala safu ya nyuma na safu ya mbele ni tupu. Na kwa kuwa kula ni lazima, ukiwa na pa kula huna ruhusa ya kutakata, fundi hukulisha. Hukuachia shimo moja nono, nawe huna budi ulile, ukafike anapotaka ufike. Wewe siku ile ulikuwa ukichekelea kila unapokula. Mimi nilikuwa nikikulisha, mwanangu. Nilikulisha mara tatu na hukuona.

Na hao wa gatini, kama walikuachia ushinde siku za mwanzo, nani amekwambia kuwa hawakulishi?

Nitakueleza jambo ambalo babako hajakueleza, na nadhani hatakueleza, maana alikuwa mdogo na yaliyomfika hapendi kuyataja. Wajua kwamba ami yako mkubwa aliishi Mombasa miaka mingi na alirudi babu yako akiwa ameshazikwa. Mmeambiwa alikwenda kutafuta kazi bandarini. Kazi aliipata, ni kweli. Lakini hakuondoka kwa ajili ya kazi.

Ilikuwa 1974. Daraja la Kilifi halikuwapo, lilifunguliwa 1991. Basi la Malindi lilikuwa likiteremka hadi majini na kungoja feri, na siku nyingine foleni ilikuwa ndefu, watu wakashuka, wakanunua samaki wa kukaanga, wakakaa kivulini. Babu yako alikuwa amempa ami yako shilingi mia sita za kununua jarife jipya la kuvulia Mombasa. Miaka miwili aliziweka pesa zile. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, napelekwa kwa shangazi yangu Mji wa Kale kusaidia harusi. Nilikuwa na kikapu cha maembe mapajani.

Kivulini palikuwa na bao na mzee mmoja mwenye kofia ya vito, mpole, mwenye kucheka. Ami yako alicheza mara ya kwanza bure, akashinda. Mara ya pili kwa shilingi mbili, akashinda mkononi, yaani alimmaliza mzee safu ya mbele kabla kete za mkononi hazijaisha. Watu wakampigia makofi. Ya tatu kwa shilingi ishirini, akashinda pia. Mzee akatikisa kichwa, akasema vijana wa Malindi ni moto. Ya nne akaweka mia tatu mezani, akasema kama una moyo. Ami yako akafungua kanga ya pesa.

Nakumbuka lile bao kama limepangwa hapa mbele yangu. Nyumba ya ami yako ilikuwa na kete kumi. Mzee alicheza, akaacha shimo lenye kete nne mkabala na kimbi ya kulia. Ami yako akanamua pale, yaani akatia kete ya mkononi, akala. Ilimbidi ale. Akazipanda kuanzia kichwa cha kulia: moja, mbili, tatu, na ya nne ikaangukia ndani ya nyumba. Sasa nyumba ina kumi na moja, na shimo la mzee linaloikabili ni tupu. Hapo ndipo sheria inapokupa hiari. Waweza kulaza nyumba yako, ukamwachia mwenzako zamu, nayo haina wa kuila mara moja, maana mtu hanamui kwenye shimo tupu. Au waweza kuisafirisha, ukaichukua yote na kuendelea kupanda. Kula kulikuwa lazima. Kusafiri hakukuwa lazima.

Nilihesabu. Kumi na moja: nne zinateremka kushoto hadi kichwani, saba zinageuka safu ya nyuma, na ya kumi na moja inaangukia shimo la pili kutoka mwisho. Nikatazama shimo lile. Lilikuwa tupu.

Ningesema neno moja tu. Ningesema, "Kaka, lala." Lakini walikuwa wanaume watupu, na mimi msichana na kikapu cha maembe, na nilikuwa nimefundishwa tangu nina akili kuwa mwanamke hasemi penye bao. Nikafumba mdomo. Ami yako akaitia mkono nyumba yake, akaizoa, watu wakaguna kwa furaha, akapanda kwa madaha, tak, tak, tak, na ya kumi na moja ikaingia shimo tupu. Akalala. Nyumba ikishasafiri haiwi nyumba tena, ni shimo kama mashimo mengine. Mzee hakucheka tena. Alikula, akapanda, akala tena, na kabla ya zamu tatu safu ya mbele ya ami yako ilikuwa nyeupe na kete zingalimo mkononi mwake.

Mia tatu zilizobaki alizicheza kuzifuata za kwanza. Feri ilikuja, ikaondoka, ikaja tena. Tulivuka jua likitua. Hakunitazama hadi Mombasa.

Hakurudi Malindi safari ile. Aliyerudi ni mimi, na aliyemwambia babu yako ni mimi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza, "Nyumba ilikuwa na ngapi?" Nikasema kumi na moja. "Nawe ulihesabu?" Nikasema nilihesabu. Akanyamaza. Bao likaondolewa barazani siku ile, halikurudi tena. Jarife halikununuliwa, na babako, aliyekuwa darasa la sita na wa kwanza darasani, akaacha skuli mwisho wa muhula ule kwenda kuvua kwenye chombo cha watu. Ndiyo maana akiona daftari lako hulifuta kwanza kwa kiganja kabla ya kulifungua. Ulidhani ni tabia ya uzee.

Ndiyo maana gati lile nalijua, mwanangu. Na ndiyo maana nimeandika badala ya kunyamaza. Nilishanyamaza mara moja.

Sikukatazi bao. Wewe ndiye uliyenihadithia kuwa Mholanzi Alex de Voogt alikaa Unguja na mafundi wa bao na kitabu chake kikatoka 1995, na kuwa fundi mmoja aliweza kucheza bila kulitazama bao. Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutia mchezo huu katika mashairi yake, naye alifariki karibu 1840. Mchezo uliowakalisha watu hao si mchezo wa kuonea haya. Kucheza kwa pesa ndiko ninakokukataza, iwe gatini, iwe kwenye simu kwa mipira ya Uingereza. Ni haramu, na alijua hilo hata yule mzee wa kofia ya vito. Lakini mbali na haramu, pesa humharibu mchezaji: akili inayopaswa kuhesabu mashimo inahesabu shilingi, na mkono unakimbilia nyumba.

Mengine machache. Deni la simu, kama liko, niambie ni kiasi gani, na usikope kwingine kulilipa. Swala ya Isha isikupite kwa ajili ya mchezo. Nenda Takaungu ukamsalimie bibi yako mdogo, amekuulizia mara mbili. Usile nje kila siku, viazi karai si chakula cha jioni. Na mamako mpigie wewe, usingoje akupigie.

Na ukicheza, cheza hivi. Kabla ya kugusa kete, tafuta kwanza ya mwisho itaangukia wapi. Ukishindwa kuiona, usiguse. Tazama mashimo matupu ya mwenzako kabla ya yaliyojaa, maana shimo lake tupu ni ngao ya shimo lako. Akikuachia shimo nono, jiulize atakula nini wewe ukishakula. Na nyumba ikifikia kumi na kitu na watu wakaanza kukupigia makofi, hapo ndipo uhesabu mara ya pili.

Bao sikuletei Kilifi. Njoo wewe Ijumaa, uswali na babako hapa mtaani, tule wali wa nazi, kisha nitalitandikia mkeka barazani, nje, si uani. Wakitaka kutazama watazame. Nilipozihesabu kete juzi nilipata sitini na mbili; panya wamechukua mbili au watoto wamezichezea. Kwenye vichaka vya ufuoni huko kwenu mikomwe bado iko. Chuma komwe mbili za kijivu, nzito, zisizo na ufa, uje nazo mfukoni.

Wako akupendaye,
Shangazi